Alipoishia Mama Kusema

Nilitaka maneno ya mama peke yake. Ya wifi yangu sikuyataka hata moja.

Simu yangu ilikuwa inakufa. Ilianza kuzima yenyewe nikiwa katikati ya kugeuza chapati, kisha kioo kikaingia mstari mweusi kutoka juu mpaka chini, nikajua haina muda. Na humo ndimo alimobaki mama yangu. Picha yake sina, iliyokuwepo iliondoka na nyumba. Sauti yake sina. Nilichokuwa nacho ni meseji, na mama hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo kila meseji ya mama iliandikwa na mke wa kaka yangu, mtu ambaye tangu siku ya mazishi sikumpigia simu wala kupokea ya kwake. Ukimtaka mama, lazima upitie kwa yule. Hilo ndilo lililokuwa linanichoma.

Majina siandiki. Wenyewe wanajijua, na Kilosa si mji mkubwa wa mtu kujificha.

Niseme kwanza habari za maji, maana nikiziruka utadhani mama alikufa kwa uzee. Sisi ni watu wa kando ya mto, na mto ule una tuta. Tuta lilijengwa zamani na watu waliojua wanachokifanya, likakaa. Kisha likakatwa. Wa kwanza kulikata ni kaka yangu, tumbo moja na mimi, alipotaka kupeleka maji kwenye vitunguu vyake. Jirani akaona kumbe inawezekana, naye akakata kwa ajili ya nyanya. Wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa, wakwe wa kaka yangu wakiwa miongoni mwao, wakapitisha ng'ombe palepale palipokatwa kwenda kuwanywesha, kwato zikamalizia kazi ya jembe. Mwenyekiti wa kitongoji alipita hapo kila siku. Huyu alimpa vitunguu, yule alimpa maziwa, naye akaona tuta ni zima. Na afisa wa idara ya maji aliyekuja na gari, aliteremsha kioo, akatazama, akapandisha kioo. Kwa hiyo mtu asinijie na habari za mapenzi ya Mungu. Mungu hana jembe.

Maji ya mara ya kwanza yalichukua nyumba yangu mimi. Nilipona kwa kukaa juu ya paa la godauni pamoja na watu nisiowajua na mbuzi mmoja, tukitazama vitu vyetu vikipita chini. Baada ya hapo nikasema basi, nikahamia Mikumi, nikafungua banda la chakula kando ya barabara kuu wanapopumzika madereva wa malori. Nilimwomba mama tuondoke wote. Akasema mto ameukuta tangu azaliwe, wa kuhama si yeye. Maji ya mara ya pili yakamkuta kitandani, mguu umevimba. Wifi yangu alitoka na watoto wake wawili na godoro. Mama hakutoka. Godoro lilitoka, mama hakutoka. Nimekaa na maneno hayo miaka, nayapika asubuhi, nayapakua mchana.

Sasa, ng'ambo ya barabara, mkabala na banda langu, kuna steshenari. Mwenye nayo ni mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kumi na kitu, alisomea mambo ya kompyuta Morogoro, sasa anatoa fotokopi, anapiga picha za pasipoti na kuwajazia watu maombi ya vyuo. Chakula cha mchana anakula kwangu. Siku hiyo alipokuja kula aliniona napigapiga simu kiganjani kama mtu anayekung'uta kiatu.

"Dada, utaivunja."

"Imeshavunjika yenyewe. Ninachotaka ni vilivyomo."

Nikamweleza. Akala, akanawa, akasema nimletee kukiwa bado kuna chaji. Jioni ile ile nilipofunga nikavuka. Akaichomeka kwa waya, tukasubiri, akazitoa meseji zote za wifi yangu akazimwaga kwenye faili moja. Zilikuwa nyingi kiasi kwamba kioo cha kompyuta kiliteremka na kuteremka kama mtu anavuta kamba kisimani.

"Nizichape zote?"

"Hapana. Nataka za mama tu."

"Si zote zimetoka namba moja? Nitajuaje hii ya mama na hii ya wifi yako?"

Hapo ikabidi nimweleze mambo ya nyumbani kwetu.

Mama alikulia kambi ya mkonge. Babu aliletwa kutoka mbali kuja kukata katani, kwao hakurudi tena. Kambini barua ilikuwa kazi ya karani, na karani alikuwa na ulimi: leo umemwandikisha kwamba mkeo ana mimba, kesho kambi nzima wanakupa hongera. Watu wakaona bora kumtuma mtu anayesafiri. Unampa maneno, naye kabla hajashika njia anasimama mbele yako na kukurudishia yote kama ulivyoyasema. Akiongeza chumvi, anaanza upya. Akipunguza, anaanza upya. Mama aliyaleta hayo mpaka kwenye simu. Nilishuhudia kwa macho yangu siku moja nilipokwenda kuwatembelea. Kaka alikuwa shambani, na mama alikuwa na ujumbe wa kumpelekea.

"Mwambie jembe lake liko kwa jirani," mama akasema.

Wifi akabonyeza, akabonyeza. "Tayari, mama."

"Nirudishie."

"Jembe lako liko kwa jirani, uwahi kurudi, watoto wanakuulizia."

"Mimi nimesema watoto wanamuulizia?"

"Hapana mama, hilo langu."

"Ee! Na kuwahi kurudi?"

"Nalo langu."

"Basi mtu atajuaje hapa anasema mama na hapa anasema mke? Yako na yangu umeyatia chungu kimoja!"

Wifi akacheka, akamsogezea simu, akamwonyesha zile alama za mtajo tulizofundishwa shule, fungua semi na funga semi. Mama hakuzijua, lakini alizitazama kwa karibu, vijialama viwili viwili kama mbegu za ufuta, akazipenda. Tangu siku hiyo ikawa sheria. Ya mama yanakaa katikati ya alama, ya wifi yanabaki nje. Na kabla ya kutuma, lazima arudishiwe. Kwa hiyo meseji zangu zote ziko hivi:

Wifi za siku. Mama anasema "mwambie mguu haujapona lakini haujazidi" mimi naomba ukipata sabuni utukumbuke. Mama anasema "asile kiporo, Mikumi kuna joto" vocha inaisha wifi

Mwenye steshenari alisoma hiyo, akapiga meza kwa kiganja.

"Mama yako amenirahisishia kazi! Hatukati kwa mkono. Naandika programu ndogo, dakika tu."

Lugha anayoandikia programu zake ina jina la chatu, kwa Kizungu. Aliponiambia nilidhani ananitania. Mimi nimeishia darasa la saba, na la saba lenyewe nililimaliza nikiwa nakwenda shule siku ambazo hakuna palizi. Lakini nilivuta kiti nikakaa kando yake, maana vilikuwa vitu vyangu. Akanieleza kwamba kompyuta huiambii itafute neno fulani, kwa sababu hujui mama alisema neno gani. Unaipa umbo. Kama unavyomwambia mtu, niletee chochote kilichofungwa kwenye mfuko mweusi, usiniulize ndani kuna nini. Akaandika alama ya kufungua, mabano, nukta, nyota, mabano, alama ya kufunga.

"Nukta ni herufi yoyote. Nyota ni kiasi chochote. Kwa hiyo: anzia alama, beba chochote, ishia alama."

Akabonyeza. Ikatoka hii:

mwambie mguu haujapona lakini haujazidi" mimi naomba ukipata sabuni utukumbuke. Mama anasema "asile kiporo, Mikumi kuna joto

"Hapana!" nikasema. "Sabuni imeingiaje kinywani mwa mama? Mama hajawahi kuniomba sabuni."

"Tulia dada, nimeiona. Hii kitu ni mlafi. Nimeiambia ibebe mpaka alama, yenyewe imepita alama ya kwanza, ya pili, imekwenda mpaka ya mwisho kabisa kwenye mstari. Ikiachiwa inakula yote."

"Kama mwenyekiti wetu."

Akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaongeza kitu kimoja tu, alama ya kuuliza, pale nyuma ya nyota. Nikamuuliza anaiuliza nini. Akasema haiulizi kitu, humu ina kazi nyingine, ni kama kuishika mkono mezani: chukua kidogo kinachotosha, ukifika alama ya kwanza ya kufunga, simama. Akabonyeza tena. Safari hii ikatoka mistari miwili, kila mmoja peke yake, na sabuni haipo.

mwambie mguu haujapona lakini haujazidi
asile kiporo, Mikumi kuna joto

Mtu hujawahi kumsikia mama yako akisema bila mtu mwingine kumkatiza, kisha unamsikia hivyo, mistari miwili kwenye kioo, kwenye chumba chenye harufu ya wino.

Haikuwa kazi ya mara moja kama alivyosema. Meseji za mwanzo wifi alitumia kijialama kimoja kimoja, sio viwili. Mwenye steshenari alipoiambia programu ikubali na hicho, ikaanza kuwakata ng'ombe vichwa. Ikaniletea mstari mzima unaosema ombe wameingia kwenye mahindi mwambie kaka yako ang. Tulicheka wote wawili. Kila penye ng'ombe, penye kung'oa, penye ng'ambo, yenyewe inaona mtu ameanza kusema. Ikabidi zile za mwanzo azitenge, tukazisoma kwa macho moja moja. Kesho yake mchana akaniletea karatasi alipokuja kula, bado zina joto la mashine.

Nilizisoma wateja walipopungua, nimekaa juu ya ndoo nyuma ya banda.

mwambie mgomba wa nyuma umezaa
muulize huko wanapika na nazi au wanakula kavukavu
tembo akivuka asisimame kumtazama, tembo si harusi
mwambie nimemuota amevaa gauni la njano, nani kamshonea
asije na mvua
asije, njia mbaya
asije, kaka yake hana chakula cha kutosha
mwambie asije kwanza

Nikasoma mpaka mwisho, nikarudi mwanzo. Ukiyasoma na ya wifi katikati huoni, lakini yakiwa peke yake unaona. Mama aliniambia nisije. Kila msimu, asije, asije. Hapakuwa na mahali hata pamoja aliposema amenikumbuka. Nilitafuta. Nilipitisha kidole kama mtoto wa chekechea. Maziwa, mgomba, mguu, asije. Miaka yote niliyokuwa nimesimama kwenye moshi huu nikisikia harufu ya mtori wake kila nikimenya ndizi, nikidhani na yeye kule ananitafuta kwa mawazo, kumbe anasema asije.

Kisha nikagundua kuna moja haipo. Ya mwisho. Ile ya siku ya maji. Hiyo siwezi kuikosa kwa sababu naijua kwa moyo, na ndiyo pekee yenye neno nililokuwa nalitafuta. Nikavuka barabara na karatasi mkononi, lori likanipigia honi, dereva akanitukana, nikamrudishia.

"Umeniibia moja," nikamwambia mwenye steshenari.

Akafungua faili, akatafuta siku yenyewe. Ilikuwepo kwenye faili kubwa, wala haikupotea.

Wifi mama anasema "mwambie asije daraja halipitiki, mimi sijambo, maji yamefika uani tu. nimekukumbuka sana

Akaitazama, akasogeza kiti.

"Ona. Imefunguliwa, haikufungwa. Programu inatafuta jozi. Isipopata ya kufunga, inapita kama vile hakuna aliyesema."

"Si uifunge wewe?"

"Naifunga, sekunde moja. Niiweke wapi?"

Nikainama kwenye kioo.

"Nikiweka hapa baada ya 'uani tu', basi hili la kukukumbuka ni la wifi yako. Nikiweka mwishoni, ni la mama."

"Mwanzo anasema mwambie. Mwisho anasema nimekukumbuka, kama ananiambia mwenyewe."

"Mama yako alikuwa hachanganyi?"

Alichanganya. Mara mwambie, mara akasahau kwamba kuna mtu katikati akanisemesha moja kwa moja. Haikusaidia.

"Wewe ungeweka wapi?" nikamuuliza.

"Mimi simjui mama yako, dada."

Kweli. Waliokuwepo yakisemwa ni wawili tu, wifi yangu na mama mwenyewe.

Ilinichukua muda kwenda. Nilikuwa nasema nitakwenda Jumapili, Jumapili ikifika nasema kuna magari mengi ya Tunduma, wateja watakosa chakula. Uongo. Sikutaka kumpa wifi yangu nafasi ya kunipa kitu. Ukimwendea mtu kwa shida yako, umemketisha juu. Lakini usiku na mchana nilikuwa naiweka ile alama, mara baada ya uani tu, mara mwishoni, na kila nilipoiweka mwishoni nilijiona mwizi.

Siku hizi wifi anaishi Ulaya, si kule kwa Wazungu, ni kijiji cha hukohuko Kilosa, alikopata shamba la kukodi. Kaka yangu hakai naye tena, kahamia upande wa Berega, kwa mwanamke mwingine na vitunguu vingine. Nilishuka siku ya gulio, watu na baiskeli zao, nikauliza, nikaelekezwa. Nilimkuta uani anapepeta mbaazi. Aliponiona aliweka ungo chini, akapiga goti kidogo kama walivyo kwao.

"Shikamoo, wifi."

Nilitamani nisiitikie. Lakini shikamoo haikataliwi, hata ya adui.

"Marahaba."

Akaingia ndani akatoka na kigoda na maji ya kunywa. Amekonda. Mikono ile ile. Nikaangalia vile vidole na kufikiri kwamba mama yangu mzima, kila neno lake nililonalo, limepita humo.

"Sikuja kwa maneno," nikamwambia. "Nimekuja kuuliza kitu kimoja, nikijibiwa naondoka."

"Kula kwanza, wifi."

"Nimekula."

Hakubisha. Nikampa karatasi ambayo nilichapishiwa ile meseji peke yake. Aliisoma akitembeza midomo. Alisoma tena. Akaikunja ingawa haikuwa ya kukunja.

"Mama aliishia wapi hapo?" nikauliza. "Hukufunga alama. Nataka kujua tu mama aliishia wapi."

"Uani tu," akasema. Hakufikiri hata kidogo. "Aliishia 'maji yamefika uani tu'."

Basi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima na bado liliniingia kama mwiba. Nikasimama. Nikashika mkoba.

"Kwa hiyo lililobaki ni lako."

"Kaa wifi, sijamaliza."

"Ulinikumbuka wewe! Wewe na mimi lini tulikumbukana? Ulikuwa unakumbuka sabuni."

"Na sabuni nilikuwa naikumbuka, ndiyo," akasema, na alikasirika, nikamwona kwa mara ya kwanza akinikasirikia. "Tulikuwa tunafulia majivu. Kaa."

Nikakaa.

"Mama alikuwa na kawaida," akasema. "Nikishaandika namrudishia. Akiridhika anasema tuma. Natuma. Simu ikilia kwamba imekwenda, ndipo anasema, nimemkumbuka sana yule. Kila mara wifi. Kila mara. Ya kwanza nilimwambia, mama si ungesema mapema niandike? Akasema koma. Akasema ukimwandikia hilo atafunga banda lake aje, na kule ndiko anakopatia riziki, na huku mto ulishamtafuta mara moja. Mwandikie asije. Hili lingine ni la kwangu na wewe."

Mbaazi zilikuwa zimebaki kwenye ungo, kuku akazisogelea, hakuna aliyemfukuza.

"Na siku ile?" nikauliza.

"Siku ile hatukufika huko. Alisema uani tu, mimi nikaandika uani tu, na maji hayakuwa uani wifi, yalikuwa yameshaingia jikoni, aliyasikia kama mimi. Nilijua lile neno lake la mwisho linakuja baada ya kutuma. Nikaona pengine safari hii hatapata nafasi ya kulisema. Nikaliandika mimi."

"Hakulisema."

"Siku ile hakulisema."

"Na hukumrudishia."

"Sikumrudishia. Nilibonyeza tu. Alama sijui, hata sikumbuki kama niliifungua." Akatazama viganja vyake. "Watoto niliwapandisha kwenye godoro, likaelea, nikalivuta mpaka kwenye tuta la reli. Niliporudi mlango haukusogea. Nilipiga dirisha. Alinijibu mara mbili."

Hilo sikumuuliza. Alilisema mwenyewe. Sikutaka kujua alijibu nini na yeye hakuniambia, pengine alikuwa ananisubiri niulize. Bado nasema angeanza na mama. Halafu nawaza watoto wale kwenye maji, na sisemi. Halafu nasema tena. Ndivyo nilivyo, na mtu asinitake nibadilike kwa sababu ya kikombe cha maji na kigoda.

"Unanidanganya?" nikamuuliza. "Unaniambia hivi ili nirudi nimetulia?"

"Ukitulia au usipotulia mimi nanufaika nini, wifi?"

Nikakubali kula. Alipika ugali na mlenda, tukala kama watu wa safari moja wasiojuana, na nilipoondoka alinisindikiza mpaka barabarani, hakuniaga kwa maneno mengi. Mkungu mdogo wa ndizi alinipa. Sikuukataa.

Njiani nilikuwa naigeuza. Kama neno mtu analisema kila siku kasoro siku moja, na siku hiyo moja ndiyo limeandikwa, ni la nani? Kwa sheria ya mama, si lake: halikutamkwa, halikurudishwa, halikupewa ruhusa. Kambini yule aliyetumwa angerudishwa mwanzo kwa kosa dogo kuliko hilo. Lakini sheria hiyo hiyo ndiyo iliyomfungia mama neno lake nje kwa miaka yote. Kwa uangalifu wake wote wa kutochanganya chungu, alilichukua lile moja nililolihitaji akaliweka mahali ambapo hakuna kompyuta itakayolipata. Mama, kwa nini? Ningefunga banda, ndiyo. Ningekuja. Ungenifukuza ukiwa mbele yangu, na mimi ningekuwa nimekuona.

Nilikasirika naye barabara nzima. Sikuwahi kumkasirikia mama tangu afe. Nilikuwa na watu wengi wa kuwakasirikia kabla yake.

Kesho yake niliivuka barabara asubuhi, kabla sijawasha moto. Mwenye steshenari alikuwa anafagia kibarazani. Aliuona uso wangu, akaacha ufagio, akaingia, akawasha mashine.

"Umepata?"

"Nimepata."

Akaitafuta ile meseji, akaweka kidole juu ya kitufe cha alama. "Niambie."

"Mwishoni."

"Mwishoni kabisa? Hata hili la kukukumbuka ni la mama?"

"La mama. Aliyelipeleka bila ruhusa ni mwingine, na hilo nitazungumza naye."

Akaweka alama. Akaipitisha programu upya kwenye faili zima, na safari hii mstari wa mwisho ulikuja ukakaa chini ya ile mingine, chini ya asije na asije na asije, kimyakimya, kama mtu aliyechelewa kwenye ibada.

mwambie asije daraja halipitiki, mimi sijambo, maji yamefika uani tu. nimekukumbuka sana

Nikaugusa pale kwenye kioo. Cha moto kidogo.

"Sasa hili faili kubwa," akasema, "hili lenye ya wifi yako yote, sabuni na vocha na nini. Ulisema hulitaki. Nilifute? Linakaa tu."

Nje, lori la kwanza lilikuwa linaegesha mbele ya banda langu, utingo ameshaanza kuita chai.

"Liache," nikasema. "Nichapie nalo."